Kupanda Mchongoma: Mwongozo wa Pawa Saplai za Sumaku za Supakondakta

Uniti moja ya umeme, ile unayoinunua kwa simu na kuibonyeza kwenye mita, inatosha kuijaza sumaku ya mashine ya MRI ya tesla 1.5 na chenji ikabaki. Nishati inayokaa ndani ya sumaku ya aina hiyo ni kama megajuli 3, na uniti moja ni megajuli 3.6. Anayedhani kazi hii inataka transfoma ya kiwanda ameanza vibaya. Lakini megajuli 3 hizo hizo ndizo zilizomo katika gari la tani 2 linalokimbia karibu kilomita 200 kwa saa, na gari hilo halina breki isipokuwa ile uliyoifunga wewe mwenyewe kabla ya safari. Wahenga walisema, kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Pawa saplai ya sumaku ichague kwa kutazama itakavyoshuka. Kupanda zote zinaweza.

Mwongozo huu ni wa fundi wa vifaa tiba, mwanafunzi wa maabara ya fizikia, na ofisa manunuzi aliyewekewa mezani profoma tatu asijue zinatofautiana nini. Sumaku ya MRI kwa kawaida hujazwa na mhandisi wa mtengenezaji, naye huja na pawa saplai yake kwenye sanduku la magurudumu. Hata hivyo chumba ni chako, umeme ni wako, na siku mhandisi akisharudi kwao, atakayeulizwa ni wewe. Mahali popote ambapo kitabu cha mtengenezaji kinasema tofauti na haya, fuata kitabu.

Ujue mzigo wako

Mwaka 1911, mjini Leiden nchini Uholanzi, Heike Kamerlingh Onnes aligundua kwamba zebaki ikipozwa hadi karibu kelvini 4.2, ukinzani wake hutoweka ghafla. Kitu kinachofanya hivyo ndicho supakondakta. Sumaku nyingi za supakondakta za leo zimesukwa kwa waya wa niobi na titani uliolazwa ndani ya shaba. Waya huo huacha kukinza umeme chini ya kelvini 9 hivi, ndiyo maana koili huzamishwa kwenye heliamu ya kimiminika, yenye baridi ya nyuzi 269 za Selsiasi chini ya sifuri.

Kwa kuwa koili haina ukinzani, hesabu ya fundi wa kawaida, volti kugawanya kwa ohmu, haikusaidii hapa. Ukiiwekea koili volti 5, mkondo hautulii mahali. Unapanda, na utaendelea kupanda mpaka uuzuie. Kinachoamua mwendo wake ni indaktansi, inayopimwa kwa henri. Kasi ya kupanda ni volti zilizo kwenye koili kugawanya kwa henri zake.

Tuchukue sumaku ya henri 30 inayofanya kazi kwa ampea 450. Volti 5 kugawanya kwa 30 ni ampea 0.167 kwa sekunde, yaani ampea 10 kwa dakika. Utafika 450 baada ya dakika 45. Nishati ni nusu ya henri mara ampea mara ampea: nusu ya 30, mara 450, mara 450, sawa na juli milioni 3 na kidogo. Hesabu hizi mbili zifanye kwa sumaku yako kabla hujamwita muuzaji yeyote. Henri na ampea zimeandikwa kwenye cheti cha sumaku.

Mtu aliyezoea gereji ataona ampea mia kadhaa kwa volti chache na kukumbuka mashine ya kuchomelea. Aifute fikra hiyo. Mashine ya kuchomelea ina volti nyingi mno kwa koili, mkondo wake unayumba, na juu ya yote haina mahali pa kuipokea nishati inaporudi.

Maswali sita ya kumuuliza muuzaji

1. *Inatoa ampea ngapi, na kwa volti ngapi?* Ampea zizidi kidogo zile za sumaku. Volti zitoshe koili pamoja na zinazopotea kwenye kebo. Kwa mfano wetu, ampea 500 kwa volti 6 hadi 10 zinatosha.

2. *Inapokea?* Hili ndilo swali kuu. Pawa saplai ya kawaida inatoa tu. Ile ya sumaku lazima iweze kubeba mkondo ule ule huku volti zimegeuka, ili nishati irudi kwa utaratibu. Nyingine huila nishati hiyo ndani yake kama joto, nyingine huirudisha kwenye gridi, nyingine huja na rundo la daiodi za nje. Kama kazi yako inataka sumaku igeuzwe kaskazini kuwa kusini bila kufungua kebo, taka ile inayogeuza mkondo pia. Ina bei zaidi.

3. *Umeme ukikatika, mkondo unapita wapi?* Jibu lazima liwe njia isiyohitaji umeme wowote: daiodi zilizofungwa kudumu kati ya chanya na hasi. Muuzaji akijibu kwamba kompyuta ya ndani itashughulikia, mrudishie profoma yake.

4. *Inapima mkondo kwa kifaa gani?* Zipo zinazopima kwa shanti, kipande cha metali chenye ukinzani unaojulikana. Shanti hupata moto, na ikipata moto kipimo kinahama. Zipo zinazopima kwa transfoma maalumu ya mkondo wa DC, ambayo haiguswi na joto kiasi hicho. Ikiwa sumaku yako itafungwa na kuachwa ijiendeshe yenyewe, kama ya MRI, shanti nzuri inatosha. Usilipie uthabiti usioutumia. Ikiwa ni ya utafiti, inayobaki imeungwa kwenye saplai muda wote wa kipimo, hapo usibane pesa.

5. *Ina sehemu ya kuwasha hita ya swichi?* Na je, ina kufuli linalokataa kuwasha hita iwapo mkondo wa saplai haulingani na ule ulioachwa ndani ya sumaku? Utaona hapa chini swichi hiyo ni nini, na kwa nini kufuli hilo lina thamani.

6. *Imetengenezwa kwa mzigo wa koili?* Saplai ya maabara ya kawaida ikifungwa kwenye henri 30 inaweza kuanza kucheza, inazidisha na kupunguza bila kutulia. Taka uthibitisho wa maandishi kwa idadi ya henri zako.

Kebo na bolti

Fedha nyingi huenda kwenye saplai, na shida nyingi hutoka kwenye kebo. Kebo ya shaba ya milimita za mraba 240, mita 10 kwenda na mita 10 kurudi, ina ukinzani wa miliohmu 1.4 hivi. Kwa ampea 450 inakula volti 0.65. Saplai itaonyesha volti 5 kwenye kioo chake, huku koili ikipata 4.35, nawe utashangaa mbona saa inayoyoma. Waya mbili nyembamba za kupimia volti zifike hadi kwenye vichwa vya sumaku. Usiamini kioo cha saplai peke yake.

Bolti ndizo zenye hila zaidi. Kiungo kilichosuguliwa kikang'aa na kukazwa kwa spana ya kipimo huwa na ukinzani wa makumi machache ya maikroohmu. Kiungo chenye kutu nyembamba, au washa iliyowekwa kati ya lagi na shaba badala ya nyuma yake, kinaweza kufika miliohmu 1. Miliohmu 1 kwa ampea 450 ni wati 200 zinazowaka ndani ya bolti moja.

Kuligundua tatizo hilo ni kazi ya dakika tano. Panda hadi ampea 50 na usimame. Weka multimita kwenye milivolti, gusa lagi upande mmoja na shaba ya kichwa upande wa pili, bila kugusa bolti yenyewe. Ukisoma milivolti 1 au 2, kiungo ni kizima. Ukisoma 50, shuka hadi sifuri, fungua, sugua, kaza upya. Pima kila kiungo, hata kile ulichokifunga wewe mwenyewe asubuhi ile.

Anayeona hili ni kujisumbua na akumbuke maabara ya fizikia ya CERN. Sumaku kubwa 1,232 za mashine yao ya kugonganisha chembe, LHC, zimegawanywa katika mizunguko 8, kila mmoja ukiwa na sumaku 154 kwa mfululizo, na hupandishwa kwa ampea 10 kwa sekunde hadi karibu ampea 12,000. Tarehe 19 Septemba 2008, mkondo ukiwa karibu ampea 8,700, kiungo kimoja kati ya sumaku mbili kilipata ukinzani, kikayeyuka, na cheche ikatoboa chombo cha heliamu. Tani kama 6 za heliamu zilipotea, na mashine ikasimama zaidi ya mwaka.

Kabla ya kuwasha

Saplai yenyewe ina feni na transfoma, na vyote viwili havipendi kukaa karibu na sumaku. Iweke nje ya mstari wa gausi 5, ule uliozoeleka kutenganisha eneo la wote na eneo la wenye ruhusa. Funga magurudumu yake. Sanduku la chuma lililokaa karibu mno linaweza kuanza safari wakati sumaku inapata nguvu.

Ondoa chumbani mikasi, spana za chuma, mitungi ya oksijeni, viti vya magurudumu na funguo za mifukoni. Chumba kilichokuwa salama saa mbili hakitakuwa salama saa tatu, kwa hiyo weka mtu mlangoni mwenye kazi moja tu ya kuzuia. Mwenye kifaa cha kusaidia moyo asikaribie.

Hakikisha kiwango cha heliamu kiko juu ya kile kilichotajwa kwenye kitabu, kihisi cha oksijeni kinafanya kazi, na bomba la kutolea heliamu liko wazi hadi nje ya jengo. Tazama mdomo wake kwa macho yako: ndege hujenga viota humo.

Kupanda

Ndani ya tangi la heliamu kuna kipande cha waya wa supakondakta kinachounganisha ncha mbili za koili. Ndiyo swichi. Kimezungushiwa hita ndogo. Hita ikiwaka, kipande hicho kinapata ukinzani na swichi inakuwa wazi; hita ikizimwa, kinapoa na koili inakuwa duara lisilo na mwanzo wala mwisho.

Washa hita, subiri muda uliotajwa kwenye kitabu, kisha ijaribu kwa kupanda ampea chache. Volti zikijitokeza na mkondo ukapanda taratibu, swichi imefunguka. Mkondo ukiruka mara moja bila volti, umeme unakatiza kwenye swichi badala ya kuingia kwenye koili. Rudi sifuri, kagua waya za hita.

Swichi ikiwa wazi, sehemu ndogo ya mkondo bado inapita humo. Volti 5 kwenye swichi ya ohmu 10 ni nusu ampea, yaani wati 2.5 za joto ndani ya heliamu, na kila wati moja huchemsha kama lita 1.4 za heliamu kwa saa. Kebo zinazoingia tangini nazo huleta joto lao. Ndiyo sababu kujaza polepole kupita kiasi nako ni hasara, na kujaza kwa pupa ni hatari. Jedwali la mtengenezaji limekaa kati ya hayo mawili.

Majedwali mengi yana sura moja: sehemu kubwa ya safari kwa volti kamili, kisha nusu yake, kisha volti moja hivi unapokaribia mwisho. Koili hukaribia ukomo wake mkondo unapokuwa mkubwa. Waya ukisogea hata kwa unywele mmoja, msuguano wake mdogo hutosha kuamsha ukinzani. Huko juu usiharakishe.

Kila dakika 5 andika kwenye daftari, kwa kalamu: saa, ampea, volti kwenye vichwa, nguvu ya sumaku kwenye kipimo cha gausi, kiwango cha heliamu. Kompyuta inaandika pia, lakini umeme ukikatika daftari halizimiki.

Kuifunga

Ukifika ampea ulizokusudia, subiri dakika kadhaa volti zitulie karibu na sifuri. Zima hita. Subiri tena, zaidi ya unavyodhani inatosha. Kisha shusha mkondo wa saplai kwa ampea 5 tu, huku jicho likiwa kwenye kipimo cha gausi. Nguvu ya sumaku ikibaki pale pale, koili imejifunga na unaweza kuendelea kushusha hadi sifuri. Nguvu ikishuka pamoja na mkondo, swichi bado iko wazi: rudi juu, subiri.

Saplai ikisoma sifuri, sumaku bado ina ampea zake 450 zinazozunguka peke yake, na katika MRI nzuri hupungua kwa chini ya sehemu 1 kati ya milioni 10 kwa saa. Sasa tu ndipo unaruhusiwa kugusa kebo. Kufungua kebo wakati mkondo unapita humo na swichi iko wazi ni kuikata njia ya gari lile la tani 2; koili itapandisha volti kadiri inavyohitaji ili mkondo uendelee, hata kwa kuruka hewani kama radi mkononi mwako.

Kushuka

Siku ya kuishusha, hatua ya kwanza ndiyo ya hatari. Kabla ya kuwasha hita, saplai lazima ipandishwe hadi mkondo ule ule ulioachwa ndani, kwa mwelekeo ule ule wa chanya na hasi. Zikilingana, hita ikiwashwa hakuna kitu kinachotokea, na kutotokea kitu ndiyo dalili ya kazi nzuri. Ukiwasha hita saplai ikiwa sifuri, ampea 450 zinatupwa ghafla kwenye swichi iliyopata ukinzani, na utaisikia heliamu ikitoka.

Baada ya hapo, geuza volti na ushuke. Daiodi moja ya silikoni hushikilia kama volti 0.7. Kwa henri 30, volti 0.7 peke yake zingechukua saa 5 na zaidi. Daiodi 7 kwa mfululizo hutoa volti 4.9 na kuleta muda kwenye dakika 46, lakini mwanzoni zinakula wati 2,200, zaidi ya pasi ya umeme. Zipe feni, na umeme wa feni hiyo usitegemee soketi unayoishuku.

Umeme ukikatika katikati

Hapa ndipo mwongozo ulioandikwa ughaibuni unapotupungukia. Tuseme uko ampea 212, taa zinazimika. Daiodi zinapokea mkondo, na mpaka hapo hakuna balaa. Lakini hita nayo imezimika. Baada ya muda mfupi swichi inapoa, koili inajifunga yenyewe na karibu ampea zote 212 ndani yake. Jenereta inaponguruma, saplai inaamka ikisoma sifuri, na kijana mwenye haraka anawasha hita ili aanze upya. Matokeo yake umeshayasoma hapo juu.

Kwa hiyo umeme ukirudi, usiguse hita. Fungua daftari usome mstari wa mwisho. Kisha tumia kipimo cha gausi: kama tesla 1.5 ni ampea 450, kila tesla 0.1 ni ampea 30. Ukisoma tesla 0.70, ndani kuna ampea 210. Pandisha saplai hadi hapo kwanza, ndipo uwashe hita. UPS ndogo inayolisha hita, vipimo na kompyuta itakuokoa na mengi ya haya kwa bei ya chini sana kuliko saplai yenyewe.

Kwenchi

Sehemu ya koili ikipata ukinzani, nishati yote inageuka joto ndani ya sekunde chache. Mafundi wanaiita kwenchi. Lita moja ya heliamu ya kimiminika huwa zaidi ya lita 700 za gesi, na gesi hiyo ikiingia chumbani badala ya bombani inaifukuza hewa. Toka, wacha mlango wazi, usirudi mpaka kihisi cha oksijeni kiseme. Mlango unaofunguka kwa ndani unaweza kubanwa na msukumo wa gesi. Lizungumze na mjenzi mapema.

Heliamu iliyopotea hurejeshwa kwa pesa. Mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham, pamoja na kampuni ya Helium One, walitangaza kuwepo kwa heliamu nyingi chini ya bonde la Rukwa, Tanzania. Hadi mtungi wako utakapojazwa kutoka huko, kila kwenchi ni oda ya kuagiza mbali.

Kibao cha kwenye tangi

Ukimaliza, andika kibao na ukifunge kwenye tangi kwa kamba ya nailoni, wala usitumie waya wa chuma: ampea zilizoachwa ndani, kebo ipi ilikuwa chanya, tarehe, na maneno "HITA IMEZIMWA". Mtu atakayeishusha sumaku hiyo miaka kadhaa baadaye huenda hatakujua jina. Ampea na alama ya chanya zikiwepo, atajua aanzie wapi kushuka.